DAWA YA ZAMANI KWA UGONJWA MPYA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Tayarisheni kalamu, maana leo tutakuwa na hesabu kidogo.

Somo letu lahusu jambo linalogusa kila nyumba. Ukizuka ugonjwa mpya, watu wakawa wanakufa, na dawa yake haijulikani, mganga wa hospitali afanye nini? Angoje mpaka dawa mpya itengenezwe? Wagonjwa hawawezi kungoja. Basi jambo moja alifanyalo ni kutazama kabati la dawa alizo nazo tayari na kujiuliza, "Je, katika hizi, hakuna hata moja itakayofaa?"

Swali hilo ni jema. Mara nyingine limeokoa maisha ya watu wengi sana. Mara nyingine limewapoteza watu, wakameza sumu wakidhani wanameza dawa. Leo tutaona tofauti ya mambo hayo mawili yatoka wapi.

KIRUSI NI NINI?

Kirusi ni kidudu kidogo mno, kidogo kuliko hata kidudu cha kipindupindu au cha kifua kikuu. Hakiwezi kuzaana peke yake. Sharti kwanza kiingie ndani ya chembe hai za mwili, zile ambazo waganga huziita seli. Kikiisha ingia, huilazimisha chembe ile kutengeneza virusi wengine wengi, nao hutoka na kuingia katika chembe nyingine.

Ndiyo sababu ni vigumu kupata dawa ya virusi. Mfano wake ni mwizi aliyejifungia ndani ya nyumba yako. Ukitia moto ili umwunguze yeye, umeiunguza na nyumba. Dawa inayofaa ni ile itakayomzuia mwizi na kuiacha nyumba imesimama.

Kuitafuta dawa ya namna hiyo tangu mwanzo ni kazi ndefu. Hutafutwa katika maabara, ikajaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa watu wengi. Mara nyingi kazi hiyo huchukua zaidi ya miaka kumi. Lakini ugonjwa mpya waweza kuizunguka dunia kwa miezi mitatu tu.

FAIDA YA DAWA YA ZAMANI

Dawa iliyokwisha ruhusiwa kwa ugonjwa mwingine ina faida tatu. Kwanza, madhara yake yamekwisha julikana, kwa kuwa watu wengi wameitumia miaka mingi. Pili, waganga wanajua kipimo chake, yaani kiasi gani kinafaa na kiasi gani ni hatari. Tatu, viwanda vinajua kuitengeneza, na mara nyingi bei yake ni ndogo. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Hata katika uganga msemo huo una maana yake.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1964, mtaalamu wa Marekani aitwaye Jerome Horwitz alitengeneza dawa akitumaini kwamba itaponya saratani. Haikuponya, nayo ikawekwa kando. Miaka ishirini ikapita. Ukimwi ulipozuka katika miaka ya 1980, wataalamu walianza kuzipima dawa nyingi zilizokuwapo. Mwaka 1985 wakaona katika maabara kwamba ile dawa ya Horwitz, iitwayo AZT, yakizuia kirusi cha Ukimwi kisizaane.

Je, walikimbilia kuigawa? La. Waliwachukua wagonjwa 282. Wagonjwa 145 wakapewa AZT, na 137 wakapewa vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani. Mwaka 1986 walipohesabu, katika wale waliopewa AZT alikuwa amekufa mtu 1. Katika wale wengine walikuwa wamekufa watu 19. Hapo ndipo walipoamini, na mwaka 1987 AZT ikaruhusiwa Marekani. Peke yake haikutosha, maana kirusi kilijifunza kuishinda. Lakini ilifungua njia ya dawa za mchanganyiko ambazo leo zinawaweka hai watu wengi katika nchi zetu.

Angalieni neno hili, ndugu zangu: maabara iliwapa tumaini, lakini hesabu ya wagonjwa ndiyo iliyowapa yakini.

HABARI ZA KLOROKWINI

Sasa tuje karibu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2019 ulizuka ugonjwa mpya wa mapafu katika mji wa Wuhan, nchini China. Ni ule tuliouita Korona, au UVIKO-19. Mwaka 2020 ukaenea dunia nzima, na dawa yake haikuwapo.

Watu wakaikumbuka klorokwini. Wengi wenu mnaijua dawa hiyo. Ndiyo ile chungu, ambayo watu wengi wakiimeza huwashwa mwili mzima. Kwa miaka mingi ilikuwa dawa yetu ya malaria, mpaka vidudu vya malaria vilipoizoea. Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, na Tanzania Bara mwaka 2001.

Kwa nini waliikumbuka? Kwa sababu katika maabara, klorokwini ilipotiwa ndani ya chupa yenye chembe hai na virusi vya Korona, virusi vilizuiwa. Habari ikaenea upesi. Wakubwa wa nchi wakaisifu. Ndugu yake klorokwini, dawa iitwayo haidroksiklorokwini, ikaruhusiwa Marekani kwa dharura tarehe 28 Machi 2020.

Lakini tujiulize: chembe zile za ndani ya chupa zilikuwa chembe za nini? Zilikuwa za aina ambayo asili yake ni figo ya tumbili. Wataalamu huzitumia sana kwa kuwa ni rahisi kuzikuza. Lakini Korona hushambulia mapafu ya mtu, haishambulii figo ya tumbili.

Na hapo pana siri. Kirusi cha Korona kina milango miwili ya kuingilia katika chembe. Mlango mmoja hupitia vifuko vidogo vyenye uchachu vilivyo ndani ya chembe. Klorokwini huupunguza uchachu ule, na mlango ukafungwa. Chembe za figo ya tumbili hutegemea mlango huo. Lakini chembe za mapafu ya mtu zina mlango wa pili, juu ya ngozi ya chembe yenyewe, na huo klorokwini haiugusi. Wataalamu wa Ujerumani walilionyesha jambo hilo mwaka huohuo wa 2020. Basi ilikuwa kama mtu afungaye mlango wa uani kwa komeo, ilhali mwizi anapita mlango wa mbele.

JARIBIO LA HAKI

Huenda mtu akasema, "Mimi namjua mtu aliyemeza dawa fulani akapona." Naam, huenda ni kweli alimeza, na ni kweli alipona. Lakini wagonjwa wengi wa Korona walipona bila dawa yoyote. Utajuaje kama aliponywa na dawa au alipona mwenyewe?

Mkulima anaijua njia. Bwana Shamba akitaka kujua kama mbolea fulani inafaa, hupima vishamba viwili vilivyo sawa, vyenye udongo mmoja, mbegu moja na mvua moja. Kimoja hukitia mbolea, kingine hakitii. Wakati wa mavuno hupima magunia. Kama angekitia mbolea kile kilicho karibu na mto, na kuacha kile kilicho juu ya mawe, asingeweza kujua kama mavuno mema yametoka katika mbolea au katika maji ya mto.

Ndivyo ilivyo kwa wagonjwa. Ukiwapa dawa vijana wenye nguvu na kuwanyima wazee, vijana watapona zaidi, nawe utaisifu dawa bure. Kwa hiyo mganga hachagui. Hupigwa kura. Kura ikisema huyu apewe, hupewa. Ikisema huyu atunzwe kwa matunzo ya kawaida, hutunzwa vyema, ila hapewi dawa ile inayojaribiwa. Watu wakiwa wengi, vijana na wazee, wenye nguvu na wanyonge, huangukia pande zote mbili karibu sawasawa. Kisha huhesabiwa.

Kumbukeni pia kwamba mgonjwa haingizwi katika jaribio kama mbuzi sokoni. Sharti yeye, au mtu wa kumsemea, aelezwe na akubali. Ana haki ya kukataa, na akikataa atatibiwa vilevile.

HESABU YA MWAKA 2020

Mwezi wa Machi 2020, Chuo Kikuu cha Oxford kilianzisha jaribio kubwa la namna hiyo katika hospitali nyingi za Uingereza. Jina lake ni RECOVERY. Dawa kadhaa za zamani zilijaribiwa pamoja. Wakuu wake walikuwa Peter Horby na Martin Landray.

Dawa ya kwanza kwetu ni haidroksiklorokwini. Wagonjwa 1,561 waliipewa, na wagonjwa 3,155 walipata matunzo ya kawaida. Siku 28 zilipopita, katika kila wagonjwa 100 waliopewa dawa, 27 walikuwa wamekufa. Katika kila wagonjwa 100 wasiopewa, waliokufa ni 25. Dawa haikuokoa mtu. Habari hiyo ilitangazwa Juni 2020, na Marekani ikaifuta ruhusa yake tarehe 15 ya mwezi huo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Dawa ya pili ni deksamethasoni. Hii watu hawakuipigia kelele. Ni dawa ya bei ndogo iliyotumika tangu miaka ya 1960 kwa ugonjwa wa pumu, uvimbe na mizio. Tangu mwaka 1977 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wagonjwa 2,104 walipewa kipimo kidogo, miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10. Wagonjwa 4,321 walipata matunzo ya kawaida. Sasa andikeni hesabu hii, maana ina mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Bila deksamethasoni walikufa 41 katika kila 100. Kwa deksamethasoni walikufa 29.

Fungu la pili ni wagonjwa waliokuwa wakisaidiwa kwa hewa ya oksijeni bila mashine. Bila dawa walikufa 26 katika kila 100. Kwa dawa walikufa 23.

Fungu la tatu ni wagonjwa waliokuwa wakipumua wenyewe bila msaada. Bila dawa walikufa 14 katika kila 100. Kwa dawa walikufa 18.

Mnaona ajabu hiyo? Ni dawa moja, ugonjwa mmoja, kipimo kimoja. Wagonjwa mahututi iliwaokoa. Wale ambao mapafu yao yalikuwa bado yana nguvu haikuwasaidia, na hata kulikuwa na dalili kwamba huenda iliwadhuru.

Sababu ni hii. Deksamethasoni haiui kirusi. Kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili. Kinga ni kama askari wa kijiji. Mwizi akiingia, askari hupigana naye, na hilo ni jema. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa wa Korona, siku za mbele, askari hupandwa na hasira wakaendelea kuvunja milango na kuta za mapafu. Hapo deksamethasoni huwatuliza, na mgonjwa akapumua. Lakini siku za kwanza, mwizi angali ndani, ukiwatuliza askari umemsaidia mwizi.

Kwa hiyo, mwezi wa Septemba 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za jamii hiyo zitumiwe kwa wagonjwa wa Korona waliozidiwa, na zisitumiwe kwa wale ambao hali yao si mbaya.

JARIBIO LA KONGO

Msidhani kwamba kazi hii hufanywa Ulaya tu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuna ugonjwa wa mpox, ambao wengine huuita homa ya nyani. Ulionekana kwa mtu kwa mara ya kwanza huko Kongo mwaka 1970. Mwaka 2024 uliingia pia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya.

Kirusi cha mpox ni ndugu ya kirusi cha ndui, ugonjwa uliotangazwa kwamba umekwisha duniani mwaka 1980. Iko dawa iitwayo tekovirimati, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya ndui, kama ingetokea kurudi. Wataalamu wakafikiri: ikiwa yafaa kwa ndui, huenda yafaa na kwa ndugu yake. Fikira hiyo ilikuwa na akili. Lakini wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, wakishirikiana na Wamarekani, hawakuridhika na fikira. Mwaka 2022 walianza jaribio katika hospitali mbili, ya Tunda na ya Kole. Wagonjwa 597, wakubwa kwa watoto, walishiriki. Wengine walipewa tekovirimati, wengine vidonge visivyo na dawa.

Matokeo yalitoka Agosti 2024. Vidonda vya waliopewa dawa havikupona upesi kuliko vya wenzao. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Katika Kongo kwa jumla, walikuwa wakifa watu 3.6 na zaidi katika kila wagonjwa 100 wa mpox. Katika hospitali hizo mbili, ukiwachukua wagonjwa wote pamoja, waliopewa dawa na wasiopewa, walikufa 1.7 tu katika kila 100. Wagonjwa hao walilazwa na kutunzwa vizuri na wauguzi. Basi wataalamu waliona kwamba kumlaza mgonjwa na kumtunza ipasavyo kwaweza kuokoa maisha, hata dawa inayotafutwa ikiwa haijapatikana.

MAMBO HAYA YAKUHUSU NINI WEWE?

Huenda ukasema, "Mimi si mganga wala sina maabara." Ni kweli. Lakini unayo redio, na siku hizi unayo simu, na katika mtaa wako liko duka la dawa. Siku ugonjwa mpya utakapozuka tena, habari za dawa zitakufikia kabla ya mganga.

Mwezi wa Machi 2020, klorokwini iliposifiwa, watu mjini Lagos, Nigeria, walilazwa hospitali kwa kuimeza kupita kiasi. Klorokwini ikizidi mwilini huharibu mapigo ya moyo. Tena, katika nchi nyingi wako wagonjwa wa lupusi, ugonjwa unaoshambulia viungo, ngozi na figo, ambao huitegemea haidroksiklorokwini kila siku. Wengine waliponunua za kuweka akiba, wagonjwa wale walizikosa madukani. Mmoja alimeza dawa isiyomfaa, na mwingine akanyimwa dawa imfaayo.

Kwa hiyo, ukisikia kwamba dawa fulani yaponya ugonjwa mpya, uliza maswali matatu.

La kwanza: imejaribiwa kwa watu, au ndani ya chupa tu?

La pili: waliopewa wamelinganishwa na wasiopewa, kwa kura, na watu wakiwa wengi?

La tatu: yafaa kwa mgonjwa wa namna gani, katika siku gani ya ugonjwa, na kwa kipimo gani?

Kama hupati majibu, usinunue. Nenda zahanati ukaulize. Na kama umekwisha meza kitu, kiwe cha dukani au cha miti shamba, mwambie mganga bila kuona haya. Mficha maradhi kilio kitamuumbua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja faida tatu za kuijaribu dawa ya zamani kwa ugonjwa mpya.

2. Kwa nini klorokwini ilizuia kirusi ndani ya chupa, lakini haikuokoa wagonjwa?

3. Hesabu: katika wagonjwa 100 wanaopumua kwa mashine, deksamethasoni iliokoa wangapi? Na katika 100 wanaosaidiwa kwa oksijeni?

4. Jirani yako ana homa na kikohozi, lakini anapumua vizuri. Anataka kununua deksamethasoni kwa kuwa amesikia inaponya Korona. Utamwambia nini?

MANENO YA KUANDIKA DAFTARINI

Kirusi. Chembe hai. Maabara. Kipimo. Kinga. Jaribio. Kulinganisha.

Ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Mtu mmoja na alisome tena fungu la hesabu kwa sauti, na wengine waandike. Kisha, jioni, mweleze mtu mmoja nyumbani ambaye hakuja darasani. Kwaherini.